Carcassonne: Stori ya mdosi wa miaka 24 aliyekataa kuhepa peke yake

Kama umewahi kuona picha ya ngome imekaa juu ya kilima, minara imepangana kama meno na paa zimechongoka kama kofia za wachawi, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unaangalia Carcassonne. Huu mji uko kusini mwa Ufaransa, kando ya mto Aude, kati ya Toulouse na bahari ya Mediterania. Wasee wa gemu za mezani wanajua hilo jina, juu kuna gemu ya vigae inaitwa hivyo tangu 2000. Wapenzi wa muvi nao waliiona 1991, kuta zake zikiigiza Nottingham kwa ile Robin Hood ya Kevin Costner.

Kila mwaka watalii hufurika huko, wanapiga selfi kwa geti, wanaitisha dishi, wanaishia. Wengi huondoka bila kujua vitu viwili. Kwanza, familia iliyotawala hiyo ngome ilinyang'anywa kila kitu kwa muda wa wiki mbili. Pili, sehemu kubwa ya ukuta wanaopiga picha haikujengwa na hiyo familia. Ilijengwa na wale walioinyakua.

Hebu tuanze na wenyewe.

Hawa Trencavel walikuwa nani?

Miaka ya kati, kusini mwa Ufaransa hakukuwa Ufaransa vile tunaijua leo. Mfalme alikuwa mbali kaskazini huko Paris, na watu wa kusini walikuwa wanabonga lugha yao, Kioksitani. Nguvu zilikuwa kwa mabwana wa mitaa. Mkubwa aliitwa konti, na naibu wake aliitwa vikonti. By the way, hilo neno "kaunti" unatumia kila siku ukiongea mambo ya magavana lina mzizi huo huo: kaunti ilikuwa eneo la konti.

Trencavel walikuwa mavikonti, lakini naibu ni jina tu. Kufikia karne ya 12 walikuwa wameshika Carcassonne, Béziers, Albi na sehemu zingine kibao katikati. Walipata Carcassonne kupitia ndoa: Raymond Bernard Trencavel alimuoa Ermengarde, mrithi wa huko. Alafu 1067 wakafanya dili moja mwerevu sana. Waliuza haki ya juu ya mji kwa Konti wa Barcelona, wakapokea ganji, lakini wakabaki wakiishi hapo na kuusimamia. Ni kama kuuza ploti kwa sonko wa mbali, alafu wewe unabaki kuwa keateka mwenye nguvu kuliko landilodi.

Shida ya hiyo mpango ni kwamba Trencavel walikuwa wamekaa katikati ya mafahali wawili. Magharibi kulikuwa na Konti wa Toulouse. Kusini kulikuwa na Barcelona, ambayo baadaye iliungana na ufalme wa Aragon. Leo wanashikana na huyu, kesho wanamgeukia yule. Kwa zaidi ya miaka 100 hiyo laini iliwafanyia kazi.

Na usidhani walikuwa malaika. Watu wa Carcassonne walimuasi Bernard Aton Trencavel, na alipowashinda miaka ya 1120 alichukua nyumba za waasi, akawapa mabwana watiifu kwa sharti kwamba watalinda ukuta. Mtoto wake, Raymond, aliuawa 1167 ndani ya kanisa la Maria Magdalena huko Béziers, na watu wa mji wake mwenyewe. Miaka miwili baadaye, kijana wa Raymond, anaitwa Roger, alirudi na jeshi kutoka Aragon akalipiza kisasi. Kwa ufupi, hizi familia za kifahari zilikuwa na drama kushinda hizo mnaona kwa TV.

Ile imani iliyoleta ngori

Sasa kwa hiyo mashamba ya Trencavel kulikuwa kumeingia watu wanaitwa Wakathari. Walijiona Wakristo, lakini mafundisho yao yalikuwa tofauti kabisa na ya Roma. Waliamini hii dunia ya vitu na miili ilitoka kwa nguvu ya uovu, na roho tu ndiyo ya Mungu. Viongozi wao, wanaume kwa wanawake, waliitwa watu wema. Hawakula nyama, hawakuoa, na waliishi maisha ya kujinyima. Ukilinganisha na maaskofu waliokuwa wananona kwa sadaka, utaelewa ni kwa nini mwananchi wa kawaida aliwaheshimu.

Papa Innocent wa Tatu hakupendezwa. Alituma wahubiri, haikushika. Alituma wajumbe wa kuwashinikiza mabwana wa kusini, haikushika. Alafu Januari 1208 mjumbe wake mmoja, Pierre de Castelnau, akauawa. Lawama ikaangukia Raymond wa Sita, Konti wa Toulouse, na Papa akatangaza Vita vya Msalaba. Hii ilikuwa mpya. Vita vya msalaba vilivyojulikana vilikuwa vya kwenda Yerusalemu. Hivi vilikuwa vya Wakristo kuvamia nchi ya Wakristo.

Na hapa ndo kuna siri ya hii stori yote. Papa aliahidi msamaha wa dhambi kwa yeyote atakayepigana siku 40. Pia alisema mashamba ya bwana yeyote anayewalinda wazushi yako wazi kuchukuliwa na Mkatoliki mwaminifu. Sasa wewe ni bwana mdogo huko kaskazini, shamba lako ni dogo, na unaambiwa kuna nchi yenye mizabibu na miji tajiri, na ukiichukua utaenda mbinguni. Ungekaa nyumbani?

Jamaa mmoja akakwepa, mwingine akashikwa

Raymond wa Toulouse alisoma dalili za nyakati. Juni 1209 alikubali kuchapwa viboko hadharani huko Saint-Gilles, akatubu, kisha akajiunga na hilo jeshi lililokuwa linakuja kumshambulia. Ghafla jeshi likabaki halina adui. Na jeshi kubwa hivyo haliwezi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Macho yakageukia Trencavel. Wakati huo vikonti alikuwa Raymond Roger, mwenye miaka 24. Alirithi cheo akiwa na miaka 9 tu baada ya babake kufariki 1194. Yeye mwenyewe hakuwa Mkathari. Kosa lake lilikuwa kwamba hakuwasumbua. Kwa mashamba yake Wakathari waliishi na majirani Wakatoliki, na kulikuwa na Wayahudi walioshika nyadhifa kwa utawala wake, kitu ambacho Roma haikutaka hata kusikia.

Raymond Roger alikimbia kukutana na viongozi wa jeshi ili naye ajisalimishe. Arnaud Amalric, abati aliyekuwa anaongoza hivyo vita kwa niaba ya Papa, alimkatalia. Mlango ulikuwa umefungwa. Kijana akarudi mbio Béziers, akawaambia watu wajipange, akachukua Wayahudi wa huko na kuondoka nao, kisha akaenda kuandaa Carcassonne.

Béziers haikudumu. Tarehe 22 Julai 1209, siku ya sikukuu ya Maria Magdalena, jeshi liliingia na kuchinja watu bila kuchagua nani Mkatoliki, nani Mkathari. Waliokimbilia kanisani waliuawa kanisani, ikiwemo lile lile kanisa ambalo babu ya Raymond Roger aliuliwa. Abati mwenyewe alimwandikia Papa barua akijigamba kwamba karibu watu 20,000 wameuawa. Hiyo hesabu wanahistoria wengi wanaiona imetiwa chumvi, lakini hebu fikiria mtu wa dini anatia chumvi idadi ya maiti ili asifiwe.

Siku 15 za Carcassonne

Mwanzo wa Agosti jeshi likafika Carcassonne. Ukuta wa wakati huo ulikuwa mmoja, msingi wake ukiwa wa zamani za Warumi. Nje yake kulikuwa na mitaa iliyojengwa mteremkoni, nayo ilikuwa na kuta zake hafifu. Kwanza wavamizi wakachukua mtaa mmoja, na kwa kufanya hivyo wakawakata watu kutoka kwa mto. Alafu wakachukua mwingine. Ndani ya ukuta kukajaa wakimbizi kutoka vijiji vyote, pamoja na mifugo yao. Jua la Agosti likawaka. Visima vikaanza kukauka. Ugonjwa ukaingia.

Katikati ya hayo akatokea Pedro wa Pili, mfalme wa Aragon, aliyekuwa bwana mkubwa wa Raymond Roger kutokana na ile dili ya 1067. Alikuja kupatanisha. Alirudi na ofa moja kutoka kwa abati: Raymond Roger anaweza kutoka salama, pamoja na watu 11 wa kuchagua. Wengine wote wabaki.

Kijana alikataa.

Hapa ndo watu wa kusini humkumbuka hadi leo. Mabwana wengi wa enzi zake wangechukua hiyo ofa asubuhi na mapema, waende Aragon wakajipange upya. Yeye alikaa na watu wake ndani ya ukuta usio na maji.

Mwishowe alitoka kwenda kambi ya adui kuongea. Hakurudi akiwa huru tena. Tarehe 15 Agosti mji ukajisalimisha. Wakazi waliachwa hai, tofauti na Béziers, lakini walitolewa nje wakiwa na nguo za ndani tu, na nyumba, nafaka, farasi na mali zote zikabaki kwa jeshi. Safari hii wakubwa walitaka mji mzima, si majivu. Maiti hazilipi kodi, na jeshi lilihitaji makao.

Raymond Roger alifungiwa katika jela ya kasri lake mwenyewe. Tarehe 10 Novemba 1209 alikufa humo. Taarifa rasmi ilisema ni ugonjwa wa kuhara damu. Mtaani watu walisema ameuawa, na hiyo fununu ilienea mpaka Papa mwenyewe akaandika kuhusu kifo hicho. Wiki kama mbili baada ya kifo, mjane wake, Agnes, alitia sahihi makubaliano ya kuachilia haki zake kwa malipo. Mtoto wao wa kiume alikuwa na miaka 2.

Na nani alichukua shamba? Mabwana wakubwa walipewa hiyo nafasi wakaikataa, kwa sababu waliona aibu ya kurithi mtu aliye hai bado. Akakubali Simon de Montfort, bwana wa kiwango cha kati kutoka kaskazini. Alipigana miaka mingine 9, hadi 25 Juni 1218 alipopasuliwa kichwa na jiwe mbele ya kuta za Toulouse. Inasemekana ule mtambo wa kurusha mawe ulikuwa unaendeshwa na wanawake. Mwili wake ulizikwa kwanza Saint-Nazaire, ndani ya Carcassonne, kabla ya kuhamishwa kwenda kwao.

Mtoi alirudi kudai urithi

Yule mtoto wa miaka 2 alikua. Anaitwa pia Raymond Trencavel. Mtoto wa Simon aliposhindwa kushikilia mashamba, 1224 kijana akarudi Carcassonne akiwa na miaka 17. Furaha haikudumu. Mtoto wa Simon alikuwa ameshampa mfalme wa Ufaransa madai yake yote, na 1226 mfalme Louis wa Nane akaja kuchukua mali. Kijana akahepa.

Alijaribu tena 1240. Akaja na mbogi yake kutoka Aragon, wakazi wa mitaa ya nje wakamfungulia na kumuunga mkono, na vijana wake wakachimba mahandaki chini ya ukuta ili uanguke. Wanajeshi wa mfalme walikuwa wanachimba kutoka upande wa ndani kuwazuia. Ilikaribia, lakini haikuweza. Jeshi la msaada lilipokaribia, Trencavel akaondoka. Mwaka wa 1247 alisalimisha haki zake zote kwa mfalme Louis wa Tisa, na 1248 akaandamana na mfalme huyo huyo kwenda vita vya msalaba. Fikiria hiyo hali: babako alimalizwa na vita vya msalaba, na wewe unaishia kuvalia msalaba.

Waliolipa bei ni wakazi wa mitaa ya nje. Nyumba zao zilibomolewa kwa sababu walimsaidia. Miaka kadhaa baadaye waliruhusiwa kujenga upya, lakini ng'ambo ya mto. Huo mji wa chini bado upo, unaitwa Bastide Saint-Louis, mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari.

Ukienda, angalia nini?

Kuingia ndani ya mji wa juu, unaoitwa Cité, ni bure. Unalipia kuingia kasri na kutembea juu ya ukuta. Hivi ndo vitu vya kutafuta ukitaka kusoma stori kwa mawe.

*Ukuta wa ndani.* Tafuta sehemu zenye mawe madogo madogo yaliyokatizwa na mistari ya matofali mekundu. Hiyo ni kazi ya mwisho wa enzi za Warumi. Ni mawe ambayo Raymond Roger aliyagusa.

*Ukuta wa nje.* Huu ulikuja baada ya Trencavel. Wafalme wa Ufaransa waliujenga karne ya 13 kwa sababu waliogopa mambo mawili: mpaka wa Aragon uliokuwa karibu, na wakazi wenyewe. Kuta zote mbili zinafika karibu kilomita 3, na minara ni 52.

*Geti la Narbonne.* Ile minara miwili mikubwa ambayo kila mtu hupiga picha ni ya karibu 1280. Mbele yake ina ncha iliyochongoka kama mdomo wa ndege, ya kufanya mawe yateleze. Karibu na hapo kuna sanamu ya Dame Carcas. Wenyeji husimulia kwamba huyu mama alimchanganya mfalme Charlemagne kwa kumrusha nguruwe aliyeshiba ngano juu ya ukuta, ili adui adhani chakula bado ni kingi. Stori tamu, lakini ni hekaya tu. Jina la mji ni la zamani kuliko Charlemagne, Warumi walikuwa wanauita Carcaso.

*Kasri la vikonti.* Hapa ndo nyumbani kwa Trencavel, lilianza kujengwa karne ya 12. Wafalme walipolichukua wakalizungushia ukuta na handaki upande wa mji. Hebu tafakari hiyo: kasri lililindwa dhidi ya raia wake.

*Saint-Nazaire.* Hili kanisa lina sura mbili. Sehemu ya watu kukaa ni ya zamani za Trencavel, nene na giza, na Papa Urban wa Pili alibariki mawe yake 1096. Sehemu ya mbele ni ya wafalme, mtindo wa kaskazini, nyembamba, juu, na vioo vya rangi vinavyomwaga mwanga. Ukisimama katikati unaona mabadiliko ya serikali bila kuambiwa na mtu.

Hata huo ukuta ulikaribia kubomolewa

Mwaka wa 1659 Ufaransa na Uhispania zilisaini mkataba uliosukuma mpaka kusini zaidi. Carcassonne ikakosa kazi. Wenye pesa walikuwa mji wa chini, juu wakabaki maskini. Familia zilijenga vibanda kati ya kuta mbili, na mawe ya ngome yakaanza kuchukuliwa kujengea vitu vingine. Kufikia katikati ya karne ya 19 serikali ilikuwa tayari kuacha ngome ibomolewe. Aliyepiga kelele ni mwenyeji, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, akisaidiwa na mwandishi Prosper Mérimée.

Kuanzia 1853 msanifu Eugène Viollet-le-Duc akaanza kuirekebisha. Aliiokoa, hakuna anayebisha. Lakini aliweka minara mingi paa kali za mawe meusi za mtindo wa kaskazini, na wakosoaji wakasema kusini paa huwa za vigae vyekundu, tena zimelala. Baadaye baadhi ya minara ikarudishiwa vigae. Na wale maskini wa kati ya kuta? Vibanda vyao vilibomolewa ili ukuta uonekane vizuri. 1997 Unesco ikaitambua kama urithi wa dunia.

Kwa hivyo hiyo ngome unayoona kwa simu ni tabaka juu ya tabaka: msingi wa Warumi, kasri la Trencavel, ukuta wa wafalme, paa za msanifu wa karne ya 19. Na kila tabaka lina watu waliofukuzwa ili liwepo: waasi wa Bernard Aton, wakazi wa 1209, mitaa ya 1240, maskini wa vibanda. Sababu iliyotolewa ilibadilika kila wakati, mara uasi, mara dini, mara usalama, mara urembo wa mji. Matokeo yalikuwa yale yale: mtu na watoto wake nje, bila kitu.

Ndo maana kijana wa miaka 24 bado anaongelewa, ilhali alishindwa vita, akapoteza shamba na kufia jela. Aliyemshinda alipata kila kitu kwa miaka 9. Yeye alipewa nafasi 11 za kuokoka, akahesabu watu wake, akaona hazitoshi.

Wewe ungekuwa kwa viatu vyake Agosti 1209, maji yameisha, mlango wa siri uko wazi, ungeita majina gani 11?